Nywele za Antoni

Kornelia alipoambiwa kwamba nywele za marehemu mumewe zimepimwa na sumu haikuonekana, hakuondoka. Alibaki kwenye benchi la maabara, mtoto wake Joyness mgongoni, akauliza kama wanaweza kupima tena.

Efraimu, fundi wa maabara hiyo ya mjini Moshi, hakuwahi kusikia ombi kama hilo. Mtu anayedaiwa kuua akipata jibu zuri, huaga haraka.

Habari zake alizijua. Mumewe, Antoni, alikuwa dereva wa lori la kwenda Tunduma, mpakani. Alirudi kwao Mwika akiwa mgonjwa, akakonda mwaka mzima, akazikwa mgombani Januari ya 1994. Ukoo haukutaka kusikia habari za ugonjwa wa madereva; ukasema mkewe alikuwa akimtilia kwenye mbege, pombe ya ndizi, unga wa josho, ile dawa ya zamani ya kuogeshea ng'ombe, yenye aseniki. Baba mkwe, mzee Melkior, alizikata nywele za maiti kabla jeneza halijafungwa, akazipeleka polisi, nao wakazileta maabara. Alimwita Kornelia muuaji mbele ya waombolezaji wote. Kornelia hakukana.

"Mama Joyness, jibu ni zuri," Efraimu alisema. "Tupime tena ya nini?"

"Mlipimaje, kaka?"

Akamweleza. Waliziyeyusha nywele kwa asidi, kwenye chombo cha wazi juu ya jiko. Kisha akasita, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli.

"Ila aseniki ina tabia ya kuruka na mvuke. Inaweza kupotea kabla hatujaipima."

"Kwa hiyo huenda ilikuwemo?"

"Huenda."

Kornelia alishusha pumzi. Mtoto alianza kulia. Mdomoni mwake mlikuwa na utando mweupe, na sauti yake haikufika hata mlangoni.

Maabara ilikuwa imepata maikrowevu, si ya kupashia chakula, bali ya kuyeyushia sampuli. Ililetwa na mradi wa kupima udongo wa mashamba ya kahawa. Efraimu alimwomba mkuu wake ruhusa, akapewa. Nywele zilizobaki zilitosha mara moja tu. Alijiapiza kumsafisha huyu mama, mtu asipate tena la kusema.

Jumanne asubuhi alizisuuza nywele, akazikausha, akazipima uzito. Alizitia kwenye chupa nene ya plastiki pamoja na asidi, akakaza kifuniko kwa nguvu zake zote. Katika chupa ya pili alitia asidi na aseniki kidogo ya kiasi anachokijua, ili ahakikishe kwamba safari hii haitoroki. Akaziingiza zote mbili, akabonyeza. Mashine ikavuma. Humo ndani, mlimofungwa kabisa, nywele za Antoni ziligeuka maji.

Hakuzifungua hapo hapo. Chupa ya namna ile ikifunguliwa ikiwa ya moto, mvuke wa asidi unaweza kumpofusha mtu. Alisubiri.

Kornelia naye alisubiri kwenye korido, rozari mkononi. Kila Efraimu alipopita, alimkuta akinong'ona, macho amefumba. Alimhurumia. Alitamani kumwambia asiogope.

Saa nane mchana namba zilitoka. Aseniki aliyoitia mwenyewe ilikuwepo yote. Katika nywele za Antoni hapakuwa na kiasi cha kumdhuru hata kifaranga.

Efraimu alitoka karibu akimbie, karatasi mkononi.

"Mama Joyness, hakuna sumu! Safari hii hakuna wa kubisha. Mzee Melkior mwenyewe atakuja kukuomba radhi."

Kornelia aliitazama karatasi bila kuipokea. Alifungua kanga, akamshusha mtoto mgongoni, akampakata kifuani.

"Niliomba iwe sumu, kaka," alisema. "Ningefungwa mimi, na huyu angekua."