Msumari wa Kumi na Tisa

"Bibi, hebu toa mkono kwenye kitufe cha kulipulia," alisema fundi wa baruti. "King'ora kimeshalia."

Enid alizidi kukifunika kwa kiganja. Alikuwa bawabu wa kiwanda hiki cha chuma cha Sheffield miaka thelathini: aingiaye huchukua kibati chake cha shaba kwenye msumari wake ubaoni, atokaye hukirudisha. Leo asubuhi wazee walioingia kuaga walifanya vivyo hivyo. Ila msumari wa kumi na tisa ulikuwa bado mtupu.

"Si ameondoka nacho, kiwe ukumbusho!"

"Huwajui watu wa hapa, mwanangu."

"Tumekagua kila chumba. Watu wanangojea maghorofa yao yatakayojengwa hapa."

 Enid akaanza kuuinua mkono.

Ng'ambo ya uzio, bomba la moshi la tanuri la kiwanda, lililopoa miaka ishirini iliyopita, likaanza kufuka.