Paka Walevi wa Kibomet

Paka wa kijivu alivuka uwanja akielekea jikoni kwa Rispah. Miguu ikapishana, akaanguka ubavu. Alijaribu kuinuka. Hakuinuka tena.

"Mwingine tena," akasema Peris, jirani. "Ati wanalewa na pombe hawajakunywa."

Hakuna aliyecheka. Paka hao walijizalia vichakani, hawakuwa na mwenyewe, lakini kambi nzima ya wafanyakazi wa shamba la mzungu pale Kibomet iliwalea. Ilikuwa hivyo tangu mwaka wa tauni, panya walipoleta maradhi yaliyomzika kifungua mimba wa Rispah. Wanawake walichanga maziwa, Rispah akasonga ugali. Paka walipewa kwanza, watu baadaye. Rispah alibakiwa na binti yake Nanyama tu sasa, na paka akiondoka, panya hutawala.

Ugali wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Posho ilikuwa imepunguzwa. Tangu upanzi uanze, mumewe Wabwile ndiye aliyeiokoa nyumba, kwa mahindi aliyorudi nayo jioni mifukoni mwa koti. Rispah hakuuliza yalikotoka. Njaa haina maswali.

Alichouliza ni nani anaua paka. Kambi nzima ilimtaja mmoja: Kibiwott, mtunza stoo. Yeye ndiye aliyeshika dawa za shamba, na paka walishamlia vifaranga.

Wanawake walimkuta mlangoni mwa stoo. Viganja vyake vilikuwa vyekundu.

"Angalieni mikono!" Rispah akapaza sauti. "Si hiyo ndio sumu?"

"Mama Nanyama, hii ni dawa ya mbegu. Napaka mahindi ya kupanda, wadudu isikule. Sasa paka nampatia ya nini?"

"Na mtoto wangu akikufa na tauni, utasema hivyo?"

Alimkamata shati. Vidole vyake vilikuwa na ganzi tangu juzi, shati likamponyoka. Ni hasira, akajiambia.

Mnyapara alichoshwa na kelele. Kabla jua halijatua, Kibiwott alikuwa barabarani na mkewe Jelimo, sufuria zao kichwani. Wabwile alisimama kando akitazama viatu vyake.

Rispah alirudi nyumbani na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu paka wa kwanza afe. Alimwaga mahindi ya kesho kwenye karai, akayasugua kabla ya kuyasaga. Maji yakawa mekundu, kama siku zote. Akayamwaga, akatia mengine, mpaka yakatakata.

Kisha akapakua ugali.

"Nanyama! Njoo upelekee paka chakula, halafu na wewe ule!"

Msichana alitoka mbio kwa kina Peris, akicheka. Katikati ya uwanja miguu ikapishana, akaanguka ubavu.

Alijaribu kuinuka.