Mizinga ya Margwe

Sukari ya Margwe ilikataa kushuka, na kidonda cha mguuni kilikuwa kimeanza kunuka.

Mkewe, Efrazia, alimjua mchawi: asali. Kila alichoagiza daktari alikuwa amekifanya. Chai bila sukari, ugali kidogo, mboga tele. Mizinga ya nyuki alimpiga marufuku hata kuisogelea. Lakini kila siku ya mnada Margwe alirudi ananuka moshi, vidole vimevimba.

"Baba Lucia, umelamba tena."

"Sijalamba hata tone."

"Basi nyuki wamekuuma kwa kukusalimia?"

Margwe akacheka. "Mama Lucia, vumilia. Tukivuna mahindi utaniona natembea hadi mjini Katesh bila fimbo."

"Kwa dawa ya nani? Ya malkia wa nyuki?"

Margwe akachukua fimbo yake, akatoka. Kijiji kizima cha Endasak kikajua mzee anajiua kwa ulimi wake. Jumuiya ya kanisani ilipokuja kusali, walimwombea roho ya ulafi imtoke, na mwenyewe amekaa papo hapo kwenye kigoda.

Mwishowe Efrazia akabeba mafuta ya taa, akaichoma mizinga yote tisa. Margwe alimfuata akichechemea, akafika moto umeshashika.

"Umechoma dawa yangu," alisema, akalia mbele za watu.

Efrazia hakumhurumia. Mlevi naye huita pombe dawa.

Hospitalini mguu ulikatwa juu ya goti. Efrazia aliporudi nyumbani kuchukua blanketi, alikuta chupa tupu zimejazana nyuma ya magunia ya mahindi, na moja haijafunguliwa. Zote zina picha ya jani la kijani na maandishi makubwa: *Kinywaji cha afya. Hakuna sukari iliyoongezwa.*

Efrazia alipompelekea ile nzima, Nicodemo mwenye duka hakuficha kitu.

"Alikuwa analeta asali, anachukua hizo. Nikimwambia aonje asali yake mwenyewe, anakataa. Alisema hizo ndizo za wagonjwa wa sukari. Si imeandikwa? Ila alitaka wewe usijue, maana ukisikia ameigusa mizinga utamuua."

Efrazia aliibeba ile chupa nzima hadi hospitalini, imwombee yeye msamaha kwa mumewe. Mlangoni mwa wodi muuguzi aliichukua, akaigeuza, akasoma maandishi madogo ya Kiingereza yaliyokuwa mgongoni.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "humu mna vijiko vinane vya sukari ya matunda yenyewe."

Efrazia akatazama ndani ya wodi. Mizinga tisa, majivu. Mguu mmoja, umeshazikwa. Na Margwe, ambaye hakuwahi kulamba hata tone, alikuwa ameiona chupa, akanyoosha mkono.