Tabaruku Mbili

Ukurasa wa kukagulia wizi wa maandishi uligoma tena kufunguka. Bila cheti cha ukaguzi, tasnifu ya Ruzuna isingepokelewa, na ofisi ilikuwa ikifungwa adhuhuri.

"Jana nilitumia akaunti ya rafiki yangu," alimwambia Shomvi, fundi wa kompyuta maktabani. "Nikaipakia, ukurasa ukaganda. Sikupata jibu."

"Kuganda si kukataa, dada," alisema Shomvi, akisafisha kumbukumbu za kivinjari. "Mfumo huu ni kama mama mkwe: hunyamaza, lakini yote ameyasikia."

Ukurasa ukafunguka. Ruzuna akaipakia tasnifu yake, akangoja. Ikarudi nyekundu tangu mwanzo hadi tamati: yote imenakiliwa.

"Kutoka kwa nani?"

Shomvi akamgeuzia kioo taratibu. Tasnifu iliyodaiwa kuibwa ilikuwa imepokelewa jana, kwa jina la rafiki yake.

"Ifute, kaka."

"Anayefuta ni msimamizi wa mfumo, naye yuko likizo."

Kwenye kioo, tabaruku mbili zilikaa bega kwa bega, moja nyeusi, moja nyekundu: *Kwa marehemu mama yangu.* Ruzuna akaigusa ile nyekundu kwa kidole, kama anayepangusa vumbi.