Ufunguo Ndani ya Soksi

"Utie ndani ya soksi," Jenerali aliagiza. "Ya kushoto."

Shangazi alikuwa ametoka kufunga mlango wa jikoni. Akautazama ufunguo, akaitazama soksi. "Hautakuchoma?"

"Hautanichoma."

Shangazi akaguna, akainama, akauchomeka. Mtu yule hakuitwa Jenerali bure: tangu utotoni kazi yake ilikuwa kuagiza, na ya wengine kutenda.

"Mama atapekua kabati, atapekua mpaka chini ya mito," Jenerali alinong'ona. "Lakini soksi zangu hazigusi mpaka jioni."

Leo hakutaka mchezo. Manispaa ilikuwa imeanza kulipia mapumziko kwa nyumba zenye mtu mwenye ulemavu: mara moja kwa mwezi, mchana kutwa na usiku wake, mhudumu anashika zamu kwenye kituo chao ili mlezi avute pumzi. Wengi waliililia nafasi hiyo. Na mwezi uliopita, gari la manispaa lilipofika, Mama aling'ang'ania mlango wake akalia mpaka dereva naye akatafuta leso. Likageuza. Safari hii likigeuza tena, nafasi inakwenda kwa familia nyingine, basi.

Ndiyo maana Jenerali alimwita Shangazi, dada wa marehemu baba yake, mwanamke asiyebabaishwa na machozi ya mtu.

"Nisikilize vizuri. Anakula amesimama, kwa hiyo mkalishe kwanza. Ndoo na tambara vifiche, akiviona tu anadeki. Asinyanyue kitu, mgongo umekwisha ule. Na mtu akikohoa, hata awe nyumba ya jirani, anakurupuka."

"Wifi yangu namjua toka hujazaliwa."

"Unamjua mchana. Mimi nalala naye chumba kimoja."

Shangazi akahamia swali jingine. "Na akiamka akakuta hupo?"

"Atalia. Mwache alie, halafu mpe chai, chupa ipo mezani."

Alilisema kama mtu asiyejali. Miaka arobaini yeye na Mama hawajawahi kulala nyumba mbili. Aliogopa, tena sana. Hilo tu ndilo hakulisema.

Malapa yakasikika yakiburuzwa. Mama aliingia sebuleni, akaenda moja kwa moja kukitikisa kitasa cha jikoni.

"Nani kafunga huku?"

"Kitasa kimeharibika, wifi," Shangazi akasema bila kupepesa. "Fundi anakuja. Kaa tunywe chai."

"Nikae, na fundi anakuja? Nyumba chafu hivi! Ndoo yangu iko wapi?"

Shangazi akamtupia Jenerali jicho la kuomba msaada. Jenerali alijua dawa yake. Mama hasinzii mpaka amwone mwanawe amesinzia. Basi akaangusha kichwa, akafumba macho, akaanza kukoroma. Aliukoleza mkoromo hata Shangazi akalazimika kugeukia ukutani kuficha kicheko.

"Maskini, kachoka," Mama akanong'ona. Akamvutia shuka magotini, akajiegesha kwenye kochi. Kidogo tu, alisema, mpaka fundi aje. Chai yake ilikuwa bado inatoa mvuke alipopitiwa na usingizi, mdomo wazi, malapa miguuni.

Jenerali akafumbua jicho moja, kisha la pili. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwona Mama amelala mchana.

Gari likasimama nje bila honi, kama alivyokuwa ameagiza. Mhudumu wa manispaa akaingia akinyata. Shangazi akamkabidhi mfuko wa nguo na redio ndogo. Mhudumu akamtazama Mama, ambaye sasa alikuwa akikoroma kweli, kisha akamgeukia Jenerali.

"Tayari?"

Jenerali alimwangalia Mama mara moja tena.

"Twende. Polepole hapo kizingitini, panagonga."

Mhudumu akainama, akafungua breki za kiti cha magurudumu, na Jenerali akasukumwa hadi garini, ufunguo wa jikoni ukiwa bado ndani ya soksi.