Gogo la Ngoda

Fundi Chaula alimwekea Kalembo breki za aina mbili juu ya gunia.

"Hizi ni za kawaida, kama zile nilizotoa. Hizi zina diski nene, hazichemki mlimani hata ukijaza mzigo. Ila bei yake inauma, kaka."

"Funga hizo zinazouma."

Jioni fundi alitoka uvunguni akijifuta grisi. Akaliona gogo fupi likining'inia kwa kamba nyuma ya kichwa cha lori, limelainika kwa kushikwa.

"Na hili la kuzuia tairi? Hulihitaji tena. Nikachemshie chai?"

"Liache. Ni la Ngoda."

Fundi akaliacha. Gereji nzima ilimjua Ngoda, utingo wa Kalembo. Lori likianza kurudi nyuma mlimani, aliruka chini na gogo lake, akalisukumiza nyuma ya tairi. Breki zikipoa, alilichomoa na kugonga nalo bodi: twende. Safari ya mwisho aliteleza kwenye matope, na tairi halikumsubiri.

Kalembo akapandisha lori mlimani kulijaribu. Alipofika palepale Ngoda alipoteleza, akakanyaga breki. Lori likaganda, halikurudi nyuma hata kidogo. Breki kama hizo ndizo Ngoda alizokuwa akiomba kila siku, na Kalembo akimjibu kwamba gogo linatosha.

Nyuma yake gogo likayumba kwenye kamba, likagonga bodi.

Kwa mazoea, mkono wa Kalembo ukaenda kwenye gia. Ukabaki hapohapo. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha pembeni.