Freni za Jeep ya Guylain

Léopold aliweka mawe nyuma ya matairi, akapiga magoti kando ya jeep ya marehemu kaka yake, na bado hakupata nguvu ya kuinua macho. Mjane alikuwa ameketi mlangoni, rozari mkononi, akimwangalia.

Tangu siku ya maziko hakuwa ameingia katika uwanja huu.

Ni yeye aliyeweka plaketi za freni, vile vibao vinavyobana diski ya gurudumu, katika jeep ile, hapa hapa nyumbani, kwa mikono yake mwenyewe. Guylain alitaka kwenda garaji, yeye akakataa. “Kazi ndogo hii, kaka, unataka kuwapa watu?” Muda mfupi baadaye jeep iliteremka mlima kwenye barabara ya Walungu bila kusimama, ikagonga ukingo. Watu waliofika wa kwanza walimtoa Guylain katika kiti cha kushoto, pale madereva wa Kongo wanapokaa, naye alikuwa amekwisha kukata roho. Mke wake, Mapendo, alitoka na mkono uliovunjika. “Dereva amekufa, mama amepona,” wakasema, na habari ikapanda hadi Kasha, mtaani kwao, vile vile.

Jeep haikusimama. Basi ni freni. Na freni ni Léopold.

Hakuna aliyemtukana, ingekuwa afadhali. Kanisani watu walisogea kidogo tu, benchi likabaki tupu kuume na kushoto kwake. Nyumbani kwa mama yake, kikombe cha kasigisi, pombe ya ndizi, kilichozunguka kwa wote kilimruka yeye, nao wakaendelea kuzungumza habari za mvua.

Sasa ukoo ulikuwa unajitayarisha kushuka Walungu kuondoa matanga. Mtu anayebeba kifo cha ndugu yake haketi pale, isipokuwa mjane mwenyewe amempa mkono mbele ya wote. Mapendo alikuwa amemtumia neno moja tu: aje abadilishe plaketi, jeep imekwisha kunyooshwa bodi, itabeba wazee. Juu ya mkono hakusema kitu, na Léopold hakuthubutu kuuliza.

“Ee, Maman Mapendo!” Ilikuwa sauti ya Anne-Marie, jirani, kidevu juu ya ukuta. “Ni ule ule tena munamupa freni? Mimi nitaenda na pikipiki, Mungu anisaidie!”

“Bonjour, Anne-Marie,” Mapendo alijibu.

“Na nani ataendesha? Ao ni weye mwenyewe, na bikwembe bya matanga?”

Anne-Marie alicheka mpaka akakohoa. Mapendo hakucheka. Rozari ilisimama kidogo katika vidole vyake, kisha ikaendelea.

Léopold alisikia masikio yanamuwaka. Aliinua jeep kwa kriki, akatoa gurudumu, akachomoa pini, plaketi zikamwangukia kiganjani.

Zilikuwa nene. Nene kama siku alipoziweka.

Alizigeuza. Alitafuta ufa, hakuona. Alitafuta mafuta, akazipangusa kwa shati lake, shati likatoka na vumbi tu. Akaenda upande wa pili, akafungua huko pia. Ni vile vile.

“Shemeji,” alisema. “Hizi hazikuisha. Ziko nzima kabisa.”

“Weka mupya.”

“Lakini angalia unene wake, shemeji...”

“Nimesema weka mupya, Léopold.”

Akainamisha kichwa. Ni kweli, alikuwa anatafuta nini? Mbele ya mjane wa kaka yake alikuwa anatetea vipande vya chuma! Kama plaketi ni nzima, basi mikono yake ndiyo mibovu. Labda aliziweka vibaya. Labda aliacha hewa katika bomba. Haya ilikuwa imehama tu kutoka kwenye plaketi, ikamwingia katika vidole.

Alirudisha pistoni ndani kwa kipande cha ubao, akaingiza plaketi mpya, akarudisha pini, akazijaribu moja moja, kisha akazijaribu tena.

Ilibaki kukaza pedali. Ukisharudisha pistoni, freni inakuwa laini kama ndizi iliyoiva, na lazima mtu aikanyage mara nyingi mpaka plaketi zije kushika diski. Siku ile nyingine alikanyaga mwenyewe, akaridhika na mguu wake. Leo alitaka kuona kwa macho.

“Shemeji, nisamehe. Panda unikanyagie freni, mimi niangalie huku chini.”

Mapendo akaiweka rozari juu ya kiti, akafanya ishara ya msalaba, akasimama. Jeep ile ilikuwa imetoka Dar es Salaam, usukani wake uko kuume kama nyingi za mji huu. Alizunguka, akafungua mlango, akapanda.

Léopold alilala chini kando ya diski. Moteri ilikuwa imezimwa, na uwanja ulikuwa kimya hata akasikia kitambaa cha bikwembe, vitenge vya matanga vya Mapendo, kikijikunja juu ya kiti.

“Kanyaga!”

Hakuna kilichosogea.

“Kanyaga kwa nguvu, shemeji!”

Alisikia mguu unasukuma, unasukuma tena, mpaka jeep ikalia kidogo. Plaketi zilikaa pale pale.

“Si hiyo! Freni ni ya katikati! Kanyaga ya katikati!”

Léopold aliinuka, mikono imejaa vumbi. Mapendo alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, macho yake mbele, uso umelowa.

“Hivyo hivyo,” alisema. “Guylain alinipigia kelele hivyo hivyo toka kiti cha kushoto, mpaka tukagonga.”